Sakafu ya Nsengiyumva

Mama yake Patricie alikuwa amekwisha kata tamaa na mambo mengi, lakini moja hakuliacha: alitaka kumzika Umutesi, binti yake wa kwanza, kabla yeye mwenyewe hajafa. Miaka ile ya mauaji familia yote ilikuwa Congo, kati ya Uvira na Bukavu, walikokuwa wakimbizi tangu kabla Patricie hajazaliwa. Umutesi peke yake ndiye aliyevuka kurudi Rwanda mapema. Aliolewa Nzahaha, na mwaka wa tisini na nne akauawa huko pamoja na mumewe. Mume alifukuliwa shimoni na wengine, wakamtambua kwa mkanda wa suruali, akazikwa kwa heshima. Umutesi hakuonekana.

Baada ya vita Patricie na mama yake walirejea, wakapanga nyumba Kamembe. Patricie aliuza vitenge sokoni kila mpaka ulipofunguliwa, na ulipofungwa kwa ajili ya vita vya ng'ambo aliuza alivyobakiwa navyo. Akipata nafasi alishuka Nzahaha kuulizia. Watu walimkaribisha kiti, wakampa maji ya kunywa, kisha wakasema yaleyale: hatujui, Mama, sisi tulikuwa tumekimbia.

Katika nyumba ile ya Kamembe waliishi waumini wa namna mbili. Mama alibatizwa na mapadri akiwa msichana, na rozari yake ilikuwa imechakaa mpaka misumari ya msalaba ikatoka. Patricie aliokoka Uvira, kwa Wapentekoste, akajazwa Roho, na alipoomba majirani walisikia.

"Mungu hafokewi," mama alimwambia asubuhi moja.

"Simfokei. Naongea naye, naye hunijibu. Wewe amekujibu nini?"

Mama alizungusha rozari vidoleni. "Mimi nimekaa mbele yake tangu ujana wangu. Yeye yuko kimya mle tabernakulo, kisanduku chake cha altareni, nyuma ya pazia lake, nami niko kimya kwenye benchi langu. Tumezoeana."

"Basi endelea kuzoeana naye," alisema Patricie kwa uchungu. "Mimi nitakwenda kwa Mungu anayesema, aniambie dada yangu yuko wapi."

Ndivyo alivyofika kwenye chumba cha maombi cha Anonciata, huko huko Nzahaha. Kilikuwa kibanda cha mbao kilichoezekwa turubai la wakimbizi, kando ya njia inayoteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama. Anonciata alikuwa mjane mwembamba, mtu wa kufunga na kulia, na watu walisema alionyeshwa mambo. Akishukiwa na Roho alinena kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa ila shemasi wake, Habumugisha, aliyekuwa na karama ya kufasiri. Huyo Habumugisha alikuwa mpole kuliko wote. Patricie alipoingia mara ya kwanza, ni yeye aliyemfutia benchi vumbi, akamuuliza habari za mama yake, akamsikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

Walimwombea Jumatano kadhaa pasipo neno. Kisha, alasiri moja ya joto kali, Anonciata alianza kutetemeka. Alinena kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka, mikono ikisukuma kitu kisichoonekana kutoka kushoto kwenda kulia. Habumugisha alisimama, jasho likimtiririka, akafumba macho.

"Bwana anasema," alianza, "mwanamke huyu nimemwona. Analala chini ya sakafu ya mtu. Mtu huyo alijenga nyumba mpya ili afunike jambo la zamani."

"Nani, Bwana?" watu walilia. "Mtaje!"

Habumugisha akasema, "Nsengiyumva."

Patricie alianguka magoti. Alishukuru kwa sauti mpaka akakaukiwa. Alilijua jina hilo. Nsengiyumva alifanya kazi kiwanda cha saruji, chini Bugarama, na nyumba yake ya matofali ya udongo, aliyoijenga baada ya vita, ilikuwa karibu kabisa na magofu ya nyumba ya Umutesi. Siku Patricie alipomuuliza, alisema wakati wa mauaji alikuwa amejifungia kiwandani, akilala humo. Nani wa kuthibitisha hayo?

Walikwenda kwa Habineza, mkuu wa selire, kiongozi wa serikali pale kijijini, kuomba ruhusa ya kuchimba. Habineza alikuwa Msabato, mtu wa mashati meupe. Aliwasikiliza akisugua paji la uso.

"Kwetu tunasema Mungu amekwisha sema, na aliyoyasema yameandikwa," alijibu. "Jina la Nsengiyumva sijalisoma humo. Nileteeni mtu aliyeona kwa macho."

"Aliyeona ni Roho," alisema Patricie. "Au na wewe unataka dada yangu abaki alipo?"

Nyuma yake watu walinung'unika. Habineza aliwatazama, na Patricie akaona kwamba ameogopa. Siku zile kiongozi aliyezuia kutafutwa kwa mifupa aliweza kuulizwa kwa nini anazuia.

"Chimbeni," alisema. "Nitakuwepo."

Nsengiyumva hakupigana nao. Alisimama uani na mkewe Joselyne, mwenye mtoto mgongoni, wakatazama vitanda vyao vikitolewa nje, na masufuria, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyokuwa ukutani. "Mnitafutie kosa, lakini hapa hamna mtu," alisema mara moja tu. Kisha majembe yakaanza. Aliyechimba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Habumugisha. Alivua shati, akapiga udongo kana kwamba anadaiwa na ardhi, hata wenzake wakamwambia apumzike, asikubali.

Walikuwa wamefika kiunoni Padri Buhendwa alipofika na pikipiki yake. Alikuwa mtu wa Bushi, ng'ambo ya mto, aliyeletwa parokiani baada ya vita, na kwa kuwa Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuvunjika, yeye na Patricie walizoea kuongea Kiswahili cha kwao Kivu. Alichungulia mlangoni, akaona shimo na watu waliomo. Akarudi nyuma hatua moja. Aliposema, aliongea na Patricie tu, akimtazama yeye peke yake.

"Maman, wacha. Munamubomolea muntu nyumba bure."

"Mungu njo alisema, Padri."

Padri alikwenda kusimama karibu na Joselyne, akachukua yule mtoto mgongoni kwake, akambeba hadi mwisho bila kusema lolote.

Jua likiwa limeanza kuinama, jembe liligonga mfupa. Kelele ziliibuka. Ulitoka mmoja, kisha mingine midogo. Watu walimrukia Nsengiyumva, na kama Habineza asingejitupa katikati wangemuua palepale. Alipelekwa kasho, yaani mahabusu, mifupa ikapelekwa kwa mganga wa zahanati.

Mganga hakuhitaji muda. Ilikuwa mifupa ya mbuzi. Habineza aliandika ili mtu aachiliwe, lakini kasho ilijaa watu kama yeye waliongoja mtu wa kusoma majalada yao, wakilala kwa zamu kwa sababu nafasi ya kulala wote haikuwepo. Joselyne alimpelekea chakula kila siku. Kisha kuhara damu kuliingia mle ndani. Nsengiyumva aliwekwa kwenye toroli kupelekwa hospitali, na hakufika.

Patricie alikwenda kuzika. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsalimu. Anonciata hakuja. Habumugisha alikuja, akasimama mbali kwenye migomba, akaondoka kabla udongo haujarudishwa kaburini.

Siku mbili tatu Patricie hakufungua meza yake sokoni. Kilichomsumbua kilikuwa neno moja, bure. Padri hakusema *labda*, wala hakusema *sijui*. Mwishowe alipanda kwenda parokiani, akamkuta Padri Buhendwa sakristiani anakunja mavazi ya misa.

"Padri, ile siku ulisema bure. Ile ni neno ya muntu mwenye anajua."

Padri aliendelea kukunja.

"Kuna muntu alikuyaka kwako kuungama. Njo vile?"

"Maman Patricie, ile usiniulize. Kama iko, sitakuambia iko. Kama haiko, sitakuambia haiko."

"Nsengiyumva amekufa."

"Minajua. Mimi njo nilimupaka mafuta."

"Ungesema neno moya tu, leo angekuwa anakula na batoto yake!"

Padri aliweka lile vazi mezani. "Chenye muntu anaambia Mungu pale kwa kiti cha maungamo, si changu. Siwezi kukibeba inje. Hata na macho siwezi. Ile siku kwa ile shimo sikuwa na ruhusa hata ya kuangalia vibaya."

"Basi Mungu yenu anafichaka bauaji."

"Na yenu alisema," Padri akajibu polepole. "Alisema jina ya nani?"

Patricie alihisi kama amepigwa kofi. Padri mwenyewe aliona aibu. Alivuta kiti, akakaa, akaonekana mzee.

"Unisamehe. Haikuwa neno ya kukuambia." Kisha, akitazama sakafu: "Kila asubuhi minamuomba aseme Yeye, sababu mimi amenifunga kinywa. Hasemi. Na mimi minaendelea kusoma misa. Sina kingine cha kukupa, Maman."

Patricie alitoka pale akitembea haraka, hasira na aibu vimemchanganyikia. Swali la Padri lilimfuata njia nzima. Alisema jina la nani? Alipofika kwenye kona ya mashamba alisimama. Kumbe kinywa kilichotoa jina hakikuwa cha Anonciata.

Alimkuta Anonciata amelala mkekani, hajala, uso umeingia ndani.

"Mama Anonciata, siku ile ulionyeshwa nini? Niambie ulichoona wewe, siyo kilichofasiriwa."

"Kwa nini unaniuliza sasa?"

"Kwa sababu mtu amekufa."

Anonciata alikaa, akajifunika shuka mabegani. "Mimi nikinena, maneno siyaelewi. Huo ni mlango ambao Mungu ameufunga kwangu, amempa mwingine ufunguo. Lakini picha naiona. Siku ile niliona maji. Maji mengi, mekundu kama udongo, yanakwenda mbio. Hakukuwa na nyumba. Niliposikia Habumugisha anasema sakafu, nilishangaa, lakini nikajiambia, mimi ni nani hata nimkatalie mwenye karama?"

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza jioni ile. Akasema maji ni machozi yako."

Patricie alimkuta Habumugisha shambani kwake, anapalilia mihogo. Alimwamkia kama kawaida, "Dada, amani ya Bwana," bila kuinua macho.

"Anonciata anasema aliona maji."

Jembe lilisimama. Habumugisha alilitazama, kana kwamba mpini ndio utakaojibu. Kisha akakaa chini katikati ya matuta, magoti yakimgusa kidevu.

"Ni mto," alisema. "Tulimpeleka Rusizi."

Patricie hakukaa. Alihofia kwamba akikaa hatainuka.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

"Aliomba kufunga kitenge chake vizuri. Kilikuwa kimelegea njiani. Tulimngoja akakifunga."

Upepo ulipita kwenye mihogo. Mbali, ng'ambo ya mto, kulisikika mlio mzito kama wa mlango unaobamizwa, na mwingine baada yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegeuza kichwa. Vita vya Congo vilikuwa vinaunguruma hivyo kila mara.

Yaliyobaki Habumugisha aliyasema mwenyewe, bila kuulizwa. Alikimbilia kambini Congo na wengine, akarudi kambi zilipovunjwa. Hakuweza kulala. Alikwenda kwa Padri, akaungama yote, na Padri akamwambia Mungu anasamehe, lakini lazima aende kwa watu wa yule mwanamke akawaambie alipo. Aliondoka akiwa ameamua kwenda. Hakwenda. Kila alipomwona Padri, hata barabarani, aliona deni lake usoni mwake, ingawa Padri hakuwahi kumkumbusha mbele ya mtu. Ndipo akahamia kwa Wapentekoste. Akabatizwa upya katika maji mengi, na mhubiri akasema dhambi zote zimetupwa mahali ambapo hazitatajwa tena.

"Nilipenda neno hilo," alisema. "Hazitatajwa tena. Nikaokoka kwelikweli, Dada, usidhani nilidanganya. Nikapewa na karama. Kisha ukaja wewe, ukakaa kwenye benchi nililolifuta mimi."

"Na Nsengiyumva?"

"Hakuwepo. Ni kweli alikuwa kiwandani."

"Ulijua, ukachimba."

"Nilichimba sana kwa sababu niliogopa kusimama. Siku ile Anonciata aliponena, nilielewa. Kila neno nilielewa. Mto, saa, mahali tuliposimama. Nikajua Mungu ananisema mimi, na kinywa changu ndicho anachokingoja." Alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Kikatoka jina la mtu mwingine. Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa nimeiona nyumba yake asubuhi."

"Simama," alisema Patricie. "Twende kwa Habineza."

Alisimama. Waliongozana njiani, yeye mbele, Patricie nyuma, na waliokutana nao wakawasalimu kama ndugu wa kanisa moja. Kwa Habineza alirudia yote kwa sauti ndogo, na kabla ya giza alikuwa kasho, katika chumba kilekile alichotolewa Nsengiyumva.

Jumapili iliyofuata Anonciata alisimama mbele ya watu wake, akawaambia kwamba kile Mungu alichoonyesha kilikuwa kweli na kile walichoambiwa kilikuwa uongo, na kwamba yeye hatanena tena mpaka ajue namna ya kutofautisha. Wengi waliondoka. Wengine walisema shetani amemfunga.

Patricie alimwambia mama yake habari ya Umutesi na mto mchana huo, wakiwa wanachambua maharage. Hakuweza kulizungusha. Mama aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha, kisha akasema, "Nipeleke."

Walishuka kwa gari la mchanga, mama ameketi mbele na dereva. Padri Buhendwa alikuja na stola yake, ule utepe wa kipadri wa shingoni, mfukoni. Anonciata naye alikuja, bila kuitwa, akatembea nyuma yao kidogo. Lakini njia ya kwenda mtoni ilikuwa imefungwa. Askari waliokuwa kwenye kilima walisema hakuna raia kuteremka ukingoni, waasi walikuwa wamevuka juzi. Patricie aliwaeleza. Kijana mwenye cheo alisikiliza, akavua kofia, akamwambia mama pole sana, Bibi, lakini hapana.

Basi walisimama pale juu. Mto ulikuwa umejificha nyuma ya matete na mteremko. Walichoona ni vilima vya Congo tu upande wa pili.

"Unausikia?" mama aliuliza.

Patricie alitega sikio. Alisikia injini ya lori la jeshi. "Hapana, Mama."

"Mimi nausikia. Basi yuko hapo."

Padri alivaa stola, akasoma sala za wafu, akanyunyiza maji ya baraka kuelekea chini, yakaanguka kwenye majani hatua chache mbele ya buti za askari. Mama akamgeukia Patricie. "Sasa wewe. Omba kama mnavyoomba nyinyi. Kwa sauti, ili asikie."

Patricie alifumba macho. Alimwita Mungu moyoni, na mahali ambapo maneno yalikuwa yakimjia yenyewe, tangu Uvira, tangu usichana wake, hakukuta kitu. Alisubiri. Anonciata alikuwa analia bila sauti. Mwishowe mama alimshika mkono, wakasimama hivyo, kimya, mpaka kijana mwenye cheo alipowaomba waondoke.

Mama hakuumaliza mwezi huo. Walimzika Kamembe, kwa misa.

Baada ya kuzika, Patricie aliazima jembe na karai, akaenda nyumbani kwa Joselyne. Shimo lilikuwa bado wazi katikati ya nyumba. Joselyne na watoto walilala jikoni, kwenye kibanda cha nje, na udongo uliofukuliwa ulikuwa umerundikwa uani, umeanza kuota majani. Joselyne alisimama mlangoni, asisogee.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kufukia."

"Mungu wako amekutuma?"

"Hapana," alisema Patricie. "Hajaniambia kitu."

Joselyne alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye jembe. Kisha akasogea kando ya mlango, akampa nafasi ya kupita. Alifunga mtoto mgongoni, akachukua dumu lake, akaita wale wakubwa, wakaenda kuchota maji. Patricie alibeba udongo kwa karai, akamwaga, akashindilia kwa miguu, akarudi kubeba mwingine. Alipomaliza, nyumba ilikuwa bado tupu, vitanda viko nje, na pale ukutani ilipokuwa ile picha palikuwa na msumari tu. Alingoja kidogo uani. Joselyne hakurudi mpaka yeye alipokwisha ondoka.